Kovu la kidole cha shahada

SWALI

Shikamoo Mama Mkufunzi,

Mimi ni muuguzi wa miaka 36 katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Nilianza na stashahada, nikarudi kusoma shahada, na miaka minne iliyopita nikamaliza uzamili wa uuguzi wa afya ya akili. Sasa nataka kusoma uzamivu, na mada niliyonayo moyoni ni matatizo ya ulaji: watu wanaojinyima chakula mpaka wanakwisha, na wale wanaokula kisha wanakwenda kujitapisha.

Kila ninayemwambia anacheka. Muuguzi mfawidhi wetu, mama ninayemheshimu sana, alinijibu mbele ya wenzangu kwenye chai ya saa nne: "Sista, watu wanakufa kwa kukosa chakula, wewe unataka kusomea wanaokikataa? Hayo ni magonjwa ya Wazungu." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao.

Mume wangu hacheki, ila ana hesabu zake, ndiyo kazi yake. Anasema fedha za utafiti ziko kwenye malaria, UKIMWI na vifo vya uzazi, na kwamba nikichagua mada isiyo na mfadhili, mfadhili atakuwa yeye. Tuna watoto wawili na mkopo wa kiwanja.

Nikueleze kilichonipa wazo hili. Mwaka juzi nikiwa zamu ya usiku aliletwa binti wa kidato cha tatu, mwanafunzi wa bweni. Matroni alisema ana vidonda vya tumbo na amezidisha kufunga na kuomba. Nilimpima uzito mara mbili, nikidhani mizani imeharibika. Alipimwa VVU mara mbili, kifua kikuu, minyoo na ujauzito, hakukuonekana kitu. Faili likaandikwa vidonda vya tumbo. Akapewa dawa za vidonda na dripu. Usiku wa tatu nilikwenda kubadilisha dripu nikaona foronya yake imetuna. Ndani mlikuwa na chapati mbili zimekunjwa vizuri kama leso. Nilipomshika mkono nitafute mshipa nikaona, juu ya kiungo cha kidole cha shahada, kovu dogo gumu. Nililijua lile kovu. Nilikuwa nalo tangu kidato cha tano mpaka mwaka wa pili chuoni, na ukitazama vizuri bado lipo.

Baadaye alianza kula. Ndugu walifurahi, wakaleta pilau na soda, na sisi tukafurahi nao. Siku ya pili yake miguu ikavimba, moyo ukaenda mbio, tukawa tunakimbizana na daktari wa zamu bila kujua tunapambana na nini. Mungu alisaidia. Siku ya tisa akaruhusiwa. Sijui yuko wapi leo.

Mama, mada hii ina nafasi kwetu? Nisomee wapi na kwa fedha ya nani? Na rafiki yangu aliyeko Marekani anasema niachane na PhD, nichukue DNP, inaisha haraka. Ni kitu kimoja?

Sista wa zamu ya usiku


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na sentensi niliyoipigia mstari ni moja tu: "Nililijua lile kovu." Hukuuliza chochote kuihusu. Nitaifikia, lakini nianze na mfawidhi wako, maana mzaha wake ndio kamati ya uzamivu itakaouuliza kwa maneno ya kistaarabu.

Anaposema magonjwa ya Wazungu ana sababu. Ugonjwa wa kujinyima chakula, anoreksia, uliingia kwenye vitabu vya tiba mwaka 1873, kwa kalamu mbili karibu wakati mmoja: William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris. Wagonjwa wao walikuwa mabinti wa huko. Bulimia, ule wa kula kisha kujitapisha, ilisubiri mpaka 1979, Gerald Russell alipoeleza wagonjwa 30 aliowaona Uingereza. Na lile kovu ulilolikuta kwenye kidole cha binti, linalotokana na meno kukwaruza mkono wakati wa kujitapisha, mpaka leo huitwa dalili ya Russell. Kwa hiyo ramani yote ilichorwa na watu waliowatazama mabinti wa kwao. Ukitembea na ramani hiyo hapa kwetu utasema njia haipo, kumbe ni ramani isiyoonyesha mtaa wako.

Mwaka 2004 lilichapishwa jarida la British Journal of Psychiatry likiwa na utafiti kutoka Ghana. Wasichana 668 wa sekondari walipimwa. Kati ya waliokonda kupita kiasi, 10 walionekana hawana sababu nyingine ila kujinyima wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesema anaogopa kunenepa. Wote walizungumzia kufunga kwa lugha ya dini: kujitawala, kuishinda njaa. Sasa soma tena maneno ya matroni wako kuhusu kufunga na kuomba. Alikupa historia ya mgonjwa mlangoni, nanyi mkamtafuta minyoo.

Simlaumu mtu. Kwa sisi tuliofanya kazi miaka ya themanini na tisini, mtu akikonda tulijua tunatafuta nini. Uganda waliuita UKIMWI "slim" kabla hawajaujua vizuri. Wembamba katika ukanda huu una maana yake, na maana hiyo imeingia mpaka kwenye utaratibu wa vipimo. Binti wa London akikonda mama yake anauliza kama anajinyima. Wa kwetu anaulizwa kama ameathirika, au amerogwa, au ana vidonda vya tumbo. Nadhani vidonda vya tumbo ndilo jina tunalompa kila mtu ambaye chakula kimemshinda na hatujui kwa nini.

Hata hivyo usiende upande wa pili ukadai kwamba kwetu ni dini tu. Huko Fiji, Anne Becker na wenzake waliwachunguza wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ikiwa imefika juzi tu, kisha wakarudi 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Na Fiji ni mahali ambapo mwili mnene ulikuwa sifa ya kulelewa vizuri, kama kwetu tunavyomwambia mtu "umenawiri" tukimaanisha kumpongeza. Mabinti zetu leo wana simu, wana chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtandaoni, na papo hapo wana vidonge vya kuongeza hamu ya kula vinavyouzwa na mtu yuleyule ili wapate makalio. Hilo la pili halimo kwenye vitabu vya Gull. Ukiingia kwenye utafiti ukidhani kila anayeuchukia mwili wake anataka kuwa mwembamba, nusu yao watakupita.

Tukija kwenye mada yenyewe, usiandike kwamba unataka kupima ukubwa wa tatizo la ulaji kwa wanafunzi wa mkoa fulani. Najua ndiko unakoelekea, kwa sababu ndiko kila mtu anakoelekea: achukue dodoso la EAT-26, lile la maswali 26 ya kupima tabia za ulaji, alitafsiri, agawe shuleni, ahesabu waliopata alama 20 kwenda juu. Lichukue hilo dodoso uketi nalo jioni moja. Kuna sentensi inayosema mtu hukata chakula chake vipande vidogo vidogo. Binti anayekula ugali ajibu nini? Kila tonge ni kipande kidogo. Kuna inayosema huepuka kula anapohisi njaa. Wagawie wasichana wa Tanga mwezi wa Ramadhani uone majibu. Kuna ya kuhisi kwamba wengine wangependa ale zaidi. Mwanangu, ni nani amewahi kuingia nyumba ya Mswahili asiambiwe "mbona hujala, ongeza"? Na ile ya mawazo kujaa chakula, mpe mama mwenye watoto watano tarehe 25 ya mwezi. Atapata alama za juu kabisa, na ugonjwa wake ni mshahara. Dodoso si baya. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu fulani, na kulifanya liseme Kiswahili, kwa maana kamili ya kusema Kiswahili, ni kazi ya uzamivu peke yake. Kama unaipenda kazi ya maneno, ichukue. Mimi sidhani ndiyo yako.

Yako iko wodini. Angalia ulichoandika: foronya, mizani, pilau, miguu kuvimba. Huyo ni muuguzi anayeandika. Na hiyo pilau nitasimama nayo kidogo, kwa sababu ndiyo ingemuua.

Mwili uliokaa na njaa ukiingiziwa wanga kwa wingi ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Moyo unabaki bila kitu cha kuushikilia. Waliokombolewa kwenye kambi za wafungwa Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaisha, wapo waliofariki baada ya kupewa chakula, si kabla. Na sisi jambo hili tunalijua! Nenda wodi ya watoto hospitalini kwenu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi uji mzito siku ya kwanza. Anaanza na maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kalori 75 kwa mililita 100, ndipo baadaye anapandishwa. Muuguzi wa pale anakuambia sababu akiwa anachanganya. Ila ujuzi huo umesimama kwenye mlango wa wodi ya watoto. Binti wa miaka kumi na sita akilazwa wodi ya wanawake, hatua thelathini kutoka pale, analetewa pilau na soda na kila mtu anashangilia.

Kwa hiyo nakupa pendekezo, ulikubali au ulikatae: anza na wauguzi na matroni. Wanamwonaje binti anayekataa chakula? Wanamwitaje wakiwa wao kwa wao? Wanaandika nini kwenye faili, na kati ya kile wanachokiona na kile wanachoandika kinapotea nini? Wanamlishaje? Kisha kutokana na majibu hayo utengeneze mwongozo mfupi wa namna ya kumtambua na kumlisha, uujaribu kwenye wodi mbili tatu. Huo ni uuguzi mtupu, hakuna daktari wa akili atakayekunyang'anya. Tena una faida ambayo huioni sasa: wahojiwa wako wa kwanza ni watu wazima wenye kazi zao. Ukianza na mabinti wa chini ya miaka 18 utahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwa binti mwenyewe, kibali cha maadili, barua za TAMISEMI mpaka shuleni, na kamati itakuuliza swali moja ambalo ni la haki: ukimgundua anayejitapisha, unampeleka kwa nani? Kwa sasa huna jibu. Baada ya hatua ya kwanza ya utafiti wako utakuwa nalo, kwa sababu utakuwa umelitengeneza.

Mahali na fedha, kwa ufupi, maana masharti hubadilika kila mwaka na utayasoma mwenyewe. MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Dar es Salaam, wana skuli ya uuguzi. Nairobi wapo, na Afrika Kusini vyuo kama KwaZulu-Natal vina desturi ndefu ya uzamivu wa uuguzi. Usitafute chuo chenye bingwa wa matatizo ya ulaji, utazeeka ukitafuta. Tafuta msimamizi wa karibu anayejua uuguzi wa afya ya akili na utafiti wa mahojiano, kisha msimamizi wa pili wa mbali anayeujua ugonjwa wenyewe. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mpango wa kugawanya masomo, umeandikishwa chuo cha kwenu lakini unakaa Uingereza hadi miezi 12, na London, kwa mfano King's College, wana watafiti wa ugonjwa huu wa siku nyingi. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanza 2008 na unaoratibiwa kutoka kituo cha utafiti cha APHRC Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, hufadhili uzamivu, ila ni kwa watumishi wa vyuo na taasisi wanachama. Wewe ni wa hospitali. Kama umewahi kufikiria kuhamia kwenye kufundisha, fikiria sasa, kabla ya kuomba.

Mumeo ana hoja na usibishane naye. Fedha ziko anakosema. Lakini fedha zina majirani. Mabinti wenye kisukari cha aina ya kwanza, kwa mfano, wapo wanaoruka sindano za insulini kwa makusudi ili wapungue, na hilo ni tatizo la ulaji lililovaa koti la kisukari. Mfadhili wa kisukari au wa afya ya vijana atakusikiliza pale ambapo wa "anoreksia" hayupo. Mwambie bwana shemeji kwamba mama mmoja mzee amesema hesabu zake ni sahihi, ila amesahau safu moja.

DNP na PhD si kitu kimoja. DNP ni shahada ya utendaji ya Kimarekani, inamwandaa muuguzi kuhudumia na kuongoza huduma kwa kutumia utafiti uliokwisha kufanywa. Si ndogo wala si ya dharau. Ila wewe unalalamika kwamba utafiti wenyewe haupo. Usisomee kutumia kitu ambacho hakijatengenezwa. Na hilo la kuisha haraka, mimi msimamizi wangu alihamia nchi nyingine mwaka wa pili na sikupata jibu la barua pepe miezi minane. Nilimaliza. Haraka ni neno la watu ambao hawajaanza.

Sasa kovu.

Uliugua, mwanangu, kati ya kidato cha tano na mwaka wa pili, na kwa jinsi ulivyoandika nadhani mimi ni mmoja wa watu wachache sana uliowaambia. Umeliweka katikati ya aya, kati ya mshipa na pilau. Chumba kilipocheka kwenye chai, ulicheka na watu waliokuwa wanakucheka wewe.

Watakuja wa kukuambia kwamba mtu aliyeugua hafai kuchunguza ugonjwa wake, hataona sawasawa. Wakumbushe, kimoyomoyo, kwamba binti yule alipitiwa na macho mangapi yasiyougua, na wa kumwona alikuwa nani. Ila nao wana robo ya ukweli. Utaliona kovu lako kwenye kila mkono. Kwa hiyo mahojiano yako yasomwe na kuchambuliwa na mtu wa pili asiye na historia hiyo, tangu mwanzo.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine. Maandishi ya ugonjwa huu yamejaa uzito, kalori, na mbinu ambazo wagonjwa wamezieleza kwa undani. Utayasoma miaka mitatu au minne, usiku, umechoka, huna fedha, msimamizi kakurudishia sura nzima kwa wino mwekundu. Hali hiyohiyo ndiyo iliyowarudisha wengi walikotoka. Naomba ujiulize, na jibu si lazima uniletee: mara ya mwisho ilikuwa lini kweli? Kama ni mwaka wa pili chuoni, sawa. Kama kuna usiku mwingine baada ya hapo, baada ya mtoto wa pili labda, au baada ya zamu ile, basi kabla ya kuandika andiko la utafiti tafuta mtu wa kukaa naye. Awe mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili asiye wa hospitali yako, na uendelee naye mpaka siku ya kuvaa joho. Si sharti la kukuzuia. Fundi wa umeme naye huvaa glovu.

Kwenye andiko usiliweke. Si aibu, ila karatasi ile itasomwa na watu kumi usiowajua, na wengine wanakunywa chai na mfawidhi wako. Msimamizi wako mkuu mwambie, ana kwa ana, ukishamjua. Mumeo kama hajui, hilo ni lako na lake, siliingilii. Na uwe na jibu la siku ambayo binti unayemhoji atakutazama mkono kisha akutazame usoni, kwa sababu wao wanajua kusoma vidole kuliko Russell.

Nakupa kazi mbili za mwezi huu. Ya kwanza: mtafute mfawidhi peke yake, muda mzuri, umuulize kwa adabu kama katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kumuuguza binti aliyekataa chakula na vipimo vyote vikatoka safi. Kaa kimya usubiri. Nimefanya kazi na akina mama wa rika hilo. Atakuwa naye mmoja, na atamkumbuka mpaka namba ya kitanda. Muombe ruhusa uandike.

Ya pili: ukurasa mmoja wa mada yako, nitumie. Uanze na binti, foronya na faili. Nikikuta neno anoreksia kabla ya mstari wa kumi, naurudisha.